Ndoo ya Gunnar

Ardis Lundeen aliendesha basi la shule la mji wetu mpaka watoto aliowabeba wakazaa, akawabeba na watoto wao. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Alikuwa akiinua macho tu kwenye kile kioo kirefu kilicho juu ya dereva, na mtukutu aliyekuwa akimvuta mwenzake nywele kwenye kiti cha nyuma kabisa alijikuta amenyooka, mikono mapajani, kama mtu aliye msibani. Mimi ni mmoja wa waliotazamwa. Nimekwenda chuo, nimesoma vitabu vinene juu ya mamlaka na jinsi yanavyowatawala watu, na bado sijakutana na mamlaka yaliyozidi kioo kile.

Alipostaafu, na mumewe Leroy akiwa ameshatangulia, alibaki na vitu viwili vya kumwamsha asubuhi: paka na ufunguo.

Paka aliitwa Gunnar, dume la rangi ya machungwa, kichwa kama boga, mwendo kama wa mkuu wa wilaya anayekagua mradi. Ufunguo ulikuwa wa jiko la kanisa letu la Kilutheri, na Ardis aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu cha marehemu. Asiyejua mambo ya kwetu atasema ufunguo ni ufunguo tu. Basi na ajue: kila mwaka, kabla theluji haijakaza, kanisa letu huandaa Karamu ya Kababu, na watu wa upande wetu wote wa Minnesota huja kula kababu za nyama ya ng'ombe na nguruwe zilizozama kwenye mchuzi mzito wa maziwa, kwa viazi vya kuponda. Mwenye ufunguo ndiye husema kungumanga iingie kiasi gani, nani aviringishe kababu na nani atupwe pembeni kumenya viazi. Wachungaji huja na kuondoka. Mwenye ufunguo haondoki mpaka afe au aaibike.

Na aliyekuwa akingoja mojawapo ya hayo mawili, bila kuchagua, ni Verna Stokke.

Verna alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwanamke nadhifu ambaye hata vitambaa vyake vya kufutia vyombo vilipigwa pasi. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amemenya viazi vya karamu kwa muda mrefu kuliko anavyostahili binadamu yeyote, na hakuna kiazi alichokisamehe.

Mambo yalianzia tumboni mwa Gunnar. Alianza kutapika. Akila, anatapika, akinywa maji, anatapika, na kwa ukubwa wake alichagua kutapikia ndani ya ndara za Leroy, ambazo Ardis hakuwa na moyo wa kuziondoa kando ya kitanda. Daktari wa mifugo, mama mmoja mpole aitwaye Pruitt, alitoa makopo ya chakula maalumu. Gunnar alinusa, akaanza kukwaruza sakafu kuzunguka bakuli, kama wanavyofukia paka kitu kingine. Akapewa ya bata. Akayafukia. Ya samaki. Akayafukia hayo nayo, akaenda kulala. Manyoya yakamsimama kama fagio kuukuu, na ukimpapasa mgongo uliziona pingili kwa vidole.

Kisha siku moja theluji ilipoyeyuka alichoropoka mlango wa nyuma, akarudi ameburuta sungura pori mdogo mpaka kwenye zulia la sebuleni. Ardis alikwenda kutafuta koleo. Aliporudi hakukuta cha kuzoa. Gunnar alikuwa amemla nyama, mifupa na kila kilichokuwamo, amebakiza mguu mmoja kwa adabu. Akalala mchana kutwa. Hakutapika. Kesho yake akaingia kwenye sanduku lake la mchanga akaacha humo kitu kigumu, kizuri, ambacho Ardis, kwa maneno yake mwenyewe, alikitazama kama alivyoitazama pete siku Leroy alipomposa.

Akampigia daktari simu papo hapo.

"Daktari, nadhani mgonjwa amejitibu."

"Nyama mbichi ina vijidudu, Bibi Ardis."

"Na kile anachojilamba kutwa nzima ni nini? Sabuni?"

Daktari Pruitt alicheka, lakini hakukubali. Akamwambia kama ameshikilia, basi ashike sawasawa. Nyama peke yake haimtoshi paka. Anahitaji na mfupa uliosagwa laini, moyo, na ini lakini kidogo. Nyama igandishwe kwanza. Mikono ioshwe mpaka viwikoni. Na mgonjwa aletwe apimwe damu, atake asitake.

Ardis aliyashika yote kama alivyoshika ratiba ya basi. Sungura aliwapata kwa Mzee Orville Kvam, anayefuga sungura wa kushindanisha kwenye maonyesho. Sungura mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala hapati utepe wa ushindi popote duniani; huyo akawa wa Gunnar.

"Yeye hajali masikio," alisema Orville. "Natamani majaji wangekuwa kama yeye."

Wawindaji waliozoea kuwaachia kunguru mioyo ya kulungu walianza kuiacha kwenye ngazi za mlango wa Ardis, imefungwa vizuri kwenye karatasi. Akaongeza kipande cha ini, kiini cha yai, tone la mafuta ya samaki. Gunnar alikula akiwa amefumba macho. Kabla majani hayajaanza kupukutika alikuwa ameng'aa kama kiatu cha bwana harusi, na alikuwa amerudia kumpiga mbwa wa posta.

Watu walikunja pua, bila shaka. "Maskini Ardis," walisema. "Upweke." Na hapa ndipo damu yangu huchemka. Waliokunja pua ni wale wale ambao kila Krismasi hula samaki aliyelowekwa kwenye magadi makali mpaka akawa kama makamasi, wakamzamisha kwenye siagi, wakaita urithi wa mababu. Samaki wa magadi ni utamaduni. Paka kula sungura ni wazimu! Nani alituambia kwamba mnyama mwenye meno yale aliumbwa ale punje za mahindi kutoka kiwandani? Tangazo lilituambia. Tukaamini, kwa sababu tangazo lina wimbo na Ardis hana.

Lakini tatizo halikuwa watu. Tatizo lilikuwa mfupa. Mashine ndogo ya kusagia nyama ya nyumbani kwake ilimsaga sungura wa kwanza kwa kulalamika, wa pili kwa kulia, na kwenye paja la wa tatu ikatoa moshi ikakata roho. Mji mzima ulikuwa na mashine moja tu isiyoogopa mfupa: ile ya chuma ya jiko la kanisa, nzito kama nanga, iliyonunuliwa na akina mama ambao wote sasa wako makaburini nyuma ya jengo.

Na ufunguo ulikuwa na nani?

Kwa hiyo kila Alhamisi, mchungaji anapokwenda kuwatembelea wagonjwa, Ardis alishuka ngazi za kanisa na kikapu. Alisaga. Akaifungua mashine kipande kwa kipande, akachemsha kila kipande kwenye sufuria, akakifuta kwa kitambaa cheupe, na kama kitambaa hakikutoka cheupe alianza upya. Sijaona chombo cha ibada kilichosafishwa namna hiyo. Nyama akaitia kwenye ndoo ya plastiki ya aiskrimu, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayetupa ndoo ya aiskrimu. Supu imo humo, misumari imo humo, na nyama ya karamu imo humo humo. Juu yake hakuandika kitu. Angeandika nini? "Sungura wa paka, kwa hisani ya kanisa"?

Ikaenda hivyo vizuri, mpaka Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tunakunywa kahawa. Kwetu mtu halisemi jambo. Huliweka mezani karibu na keki, akaliacha likutazame.

"Jikoni siku hizi kunanukia, Ardis," alisema Verna. "Hasa Ijumaa asubuhi, mchungaji akinifungulia nichukue vitambaa."

"Asante, shoga. Ni sabuni."

"Sabuni gani hiyo yenye harufu ya nyama?"

"Ya kuoshea vyombo vya nyama."

Verna akaikoroga kahawa yake isiyo na sukari wala maziwa. "Nimeokota na kijifupa, kando ya mashine. Kidogo hivi. Sisemi ni cha nini. Mimi nani hata niseme?"

"Labda ni panya."

"Panya wetu wamenenepa siku hizi."

"Basi kanisa litafute paka," alisema Ardis, akajimegea keki.

Mzee Orville, aliyekuwa meza ya pili, alipaliwa na kahawa ikabidi apigwe mgongo.

"Mimi nasema tu, mwenzangu," Verna aliendelea, tabasamu halijatingishika, "ule ufunguo ni mzigo kwa shingo ya mtu mzima. Siku ukichoka, usione haya kusema."

"Nikichoka utajua wewe wa kwanza. Utaliona jeneza."

Wakacheka wote wawili, kicheko kile cha kwetu kisichofika machoni. Lakini Ardis alirudi nyumbani akiwa ameuelewa ujumbe. Ikijulikana kwamba mashine iliyosaga kababu za kanisa husaga na chakula cha paka, ufunguo utahama shingo siku hiyo hiyo. Na bila ufunguo, yeye ni nani? Bibi mmoja na paka, dirishani, akitazama basi la manjano likipita na dereva mwingine. Angeacha. Alikusudia kuacha. Kisha akamtazama Gunnar akipanda juu ya kabati kwa mruko mmoja, Gunnar ambaye majuzi alikuwa hawezi kupanda kitanda, akasema moyoni: nitaacha baada ya karamu.

Ijumaa, siku moja kabla ya karamu, alishinda jikoni peke yake. Akasaga nyama ya ng'ombe na nguruwe pamoja na vitunguu vyake na kungumanga yake, akajaza ndoo moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye friji. Mwisho kabisa, watu wakiwa wameshapata haki yao, akamsaga sungura, akatia ndoo yake kwenye friji hiyo hiyo ipoe wakati anachemsha mashine. Akaiweka pembeni kushoto. Ama kulia. Hapo ndipo penyewe.

Maana mlango ulifunguka, akaingia Mchungaji Paige, kijana wa kike kutoka jijini, mwaka wake wa kwanza kwetu, ambaye bado alikuwa anauliza maswali na kungoja majibu.

"Bibi Ardis! Uko peke yako? Nikusaidie nini?"

"Nimemaliza, mwanangu, nakwenda zangu," alisema Ardis, akafungua friji, akanyakua ndoo, akaiweka chini ya koti.

"Hiyo ni nini?"

"Aiskrimu."

"Kwenye baridi hii?"

"Ni ya vanila," alisema Ardis, kana kwamba hilo linajibu, akapanda ngazi.

Jumamosi asubuhi alichota chakula akakiweka kwenye bakuli la Gunnar. Gunnar akaja mkia juu, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Akamtazama Ardis. Kisha, taratibu, akaanza kukwaruza sakafu.

Ardis aliinama. Kitunguu. Kungumanga. Alilinyakua bakuli kama linawaka moto, kwa sababu kitunguu kwa paka ni sumu, akamfungua Gunnar kinywa akamchungulia kooni, akamnusa masharubu, akamuuliza, "Umelamba? Niambie ukweli, umelamba?" Gunnar akamng'ata kidole, na kinywa hakikuwa na harufu ya kitu. Ardis akaketi sakafuni, akamshukuru Mungu.

Alishukuru mpaka katikati ya sala. Hapo likaja wazo la pili: kama kababu za kanisa ziko hapa, sungura yuko wapi?

Dereva ambaye hakuwahi kupita kituo bila kusimama, siku hiyo, wasemavyo walioona, alikata kona ya posta na pikapu ya Leroy akiwa na bakuli la paka mapajani.

Jikoni mambo yalikuwa yameshaanza. Mchungaji alikuwa amefungua kwa ufunguo wa ofisini, na Verna, alipoona Ardis amechelewa kwa mara ya kwanza katika historia, hakungoja. Alivaa aproni. Si aproni yake. Ile yenye mfuko mkubwa, ya mwenye ufunguo. Akafungua friji, akatoa ndoo ya kwanza mkono ulipofika, akanusa, akanusa tena, na uso wake ukachanua.

"Jamani," alisema, na huruma ilimjaa sautini kama mchuzi. "Hamna kitunguu. Ardis amesahau kitunguu."

Mabibi waliokuwa wakifunga aproni walitazama chini. Ni msiba ule.

"Msimlaumu. Ni umri. Itatufika sote." Akakatakata vitunguu, akatia kungumanga kwa kipimo alichokuwa amekiota miaka yote akiwa kwenye viazi, akachanganya na makombo ya mkate na mayai, akaviringisha, akakaanga. Kikaango cha kwanza huwa cha kuonja, na waonjaji huwa ni yeyote aliye karibu: siku hiyo Mchungaji Paige, Mzee Orville, na mimi niliyekuwa nashusha viti.

Nilikula mbili. Sijutii.

"Si mbaya," nilisema. Kwetu hiyo ni sifa ambayo mtu huzikwa nayo.

"Zina kitu," alisema mchungaji, akitafuna. "Ladha ya... porini. Na kuna kitu kinakwaruza kidogo kwenye meno."

"Pilipili manga," alisema Verna haraka. "Naiponda kwa mkono."

Mzee Orville alitafuna polepole zaidi yetu. Akasimamisha taya. Akaitazama kababu iliyobaki kwenye uma kama mtu aliyeona sura anayoifahamu kwenye umati wa stesheni. Akatazama mlango. Halafu, Mungu ambariki, akaitia kinywani.

"Si mbaya kabisa," alisema. "Kama namfahamu."

"Unaifahamu," Verna alimsahihisha. "Ni mapishi ya mama yangu." Hiyo haikuwa kweli, lakini furaha ilikuwa imemkolea. "Haya, hizi zilizobaki tieni kwenye trei ya wazee. Na ndoo zote nyingine tuzirekebishe vivi hivi."

Trei ya wazee ni ile inayotangulia kwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maana wao hula mapema, na wengi wao meno yao hukaa kwenye glasi.

Hapo ndipo Ardis, aliyeyasikia hayo ya mapishi ya mama akiwa ngazini, alipoingia, koti halijafungwa, kofia kisogoni, bakuli la paka mkononi. Akaona aproni yake. Akaona kikaango. Akaona trei. Akamwona Orville, na Orville akamtazama kwa macho ya mtu anayeomba asiulizwe.

Ameniambia mwenyewe kwamba hakufikiria kusema ukweli hata kidogo. Alifikiria kujikwaa. Hatua mbili, goti kwenye kona ya meza, trei chini, kababu zote sakafuni, "Jamani, uzee!", siri imekwisha, ufunguo shingoni. Alikuwa ameshachagua na mguu wa kujikwaa nao.

Lakini Verna alimwahi. Akamjia mikono wazi, akamshika mabega, akainamisha kichwa pembeni.

"Usijali, mpenzi wangu," alisema, kwa sauti ya kutosha jiko zima. "Nimerekebisha. Hakuna anayekulaumu. Kitunguu ni kitu cha kusahaulika."

Kuitwa mwizi wa mashine Ardis alikuwa tayari kuvumilia. Kuitwa bibi aliyesahau kitunguu, hapana.

"Sikusahau kitunguu," alisema.

"Basi, basi. Kaa unywe kahawa."

"Verna. Sikusahau kitunguu. Hiyo haikuwa nyama ya karamu. Nyama ya karamu ni hii hapa." Akaweka bakuli mezani, lenye jina GUNNAR ubavuni kwa herufi kubwa. "Hiyo uliyokaanga ni ya Gunnar. Itoe kwenye trei ya wazee, ina mfupa."

Mabibi waliliinamia bakuli wakalisoma lile jina.

"Gunnar ni nani?" aliuliza Mchungaji Paige.

"Paka wangu, mwanangu."

Mchungaji aliweka uma chini kwa uangalifu mkubwa. "Nitadhurika?"

"Hapana. Imekaangwa ikaiva. Utapata nywele za kung'aa."

Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia. Orville hakucheka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepata jibu la swali la zamani.

"Nilijua namfahamu," alisema. "Yule wa sikio la kushoto. Alikuwa mpole."

Rangi ya Verna ilikuwa imepanda, ikashuka, ikapanda tena. Na hapo likatokea jambo ambalo kanisa letu halikuwahi kulishuhudia tangu lijengwe: mtu aliuliza swali moja kwa moja.

"Umesaga chakula cha paka kwenye mashine ya kanisa?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kila Alhamisi. Isipokuwa Wiki Takatifu."

"Na ukatuambia ni panya!"

"Nilisema labda. Na wewe umesema ni mapishi ya mama yako."

Mtu mmoja kule kwenye viazi aligeuza kicheko kikawa kikohozi. Mimi bado naamini, na nitabishana na yeyote, kwamba mji usiosema wazi huoza kimyakimya kama boga lililosahauliwa ghalani, na kwamba dakika ile jikoni ndiyo ilikuwa ibada ya kweli kuliko zote za mwaka ule. Nimemwambia Ardis kwamba alisema ukweli kwa ajili ya wale wazee wasio na meno. Yeye hushikilia kwamba alisema kwa ajili ya kitunguu.

Mchungaji Paige alikohoa. "Nadhani mashine ichemshwe tena. Na hizi tuzitoe. Na... kuhusu mengine, sijui utaratibu wenu hapa ukoje."

Lakini sote tuliujua. Ardis naye aliujua. Alivua kofia, akapitisha ile kamba ya kiatu juu ya kichwa, akaushika ufunguo kiganjani. Ukiwa nje ya shingo yake ulionekana mdogo, wa shaba iliyochakaa, kitu cha kufungulia kabati. Akamnyooshea Verna.

"Chukua. Ni haki yako. Mimi nimeutumia vibaya."

Ndoto ya Verna ilikuwa pale, umbali wa mkono, mbele ya mashahidi. Ila kwetu kitu hakipokewi kinapotolewa mara ya kwanza. Hata kikombe cha kahawa hukataliwa, kikakataliwa tena, na cha tatu ndicho hunywewa. Anayepokea mara ya kwanza amekulia zizini. Na Verna Stokke, mwenye vitambaa vya pasi, hakukulia zizini.

"Aa, hapana, Ardis," alisema, akiweka mkono kifuani. "Mimi siwezi."

"Chukua, shoga. Nani mwingine anayeustahili?"

"Jamani, hapana. Mimi ni nani? Kwa kweli hapana." Na akashusha macho, na mkono ukatoka kifuani, ukaanza kufunguka polepole kwa ajili ya mara ya tatu.

Ardis alimtazama. Niliyajua macho yale. Niliwahi kuyaona kwenye kioo kirefu cha juu, nikiwa kiti cha nyuma kabisa.

"Basi sawa," alisema. "Nisikulazimishe."

Akauvaa ufunguo.

Nilitazama nyuso zote za jiko lile. Kila mmoja alijua kilichofanyika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ndogo kiasi cha kukitaja. Verna angeweza kusema: lakini mimi nautaka. Maneno matatu tu. Yalimfika midomoni, nikayaona yakisukumana pale. Kisha malezi ya mama yake yakayarudisha chini, na mkono wake, uliokuwa umeshafika nusu ya njia, ukapanda ukajifanya unatengeneza nywele.

"Haya, nivulie hiyo aproni, mpenzi wangu," alisema Ardis kwa upole. "Na uoshe mikono, mpaka viwikoni. Leo utaviringisha kababu. Viazi atamenya mwingine."

Verna alifungua kamba za mgongoni. Akavua aproni. Akaosha mikono, mpaka viwikoni.

"Kungumanga yako huwa kidogo," alisema, mgongo umegeuka.

Ardis aliivuta ndoo ya pili, akafungua kifuniko, akanusa kwa makini. "Basi njoo unionyeshe," alisema.